Mtu Ajionapo Nje ya Mwili Wake

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni baada ya kuyasikia, tumeombwa mara nyingi tuzungumze juu ya jambo ambalo watu hulinong'ona usiku na kulikana mchana. Nalo ni hili: mtu hulala, ama huugua, ama huzimia, kisha hujiona yu nje ya mwili wake, akiutazama kama autazamavyo mwili wa mtu mwingine. Wengi waliopatwa nalo hawakumwambia mtu. Waliogopa kuchekwa, na zaidi ya kuchekwa waliogopa jina moja ambalo likimshika mtu kijijini halimwachi mpaka kaburini, yaani jina la kichaa.

Tutaanza na habari ya kijana mmoja. Jina lake hatulitaji wala kijiji chake, ila ni mwalimu wa shule huko mwambao, mtu wa vitabu, asiye na mzaha katika kazi yake. Alitujia jioni moja, akatoa shikamoo, akaketi, akakaa kimya kitambo kirefu hata chai ikapoa. Mwisho akasema: "Wazee wangu, nataka kuoa, wala siwezi kuoa kabla sijajua kama nina akili timamu."

Tulicheka kidogo, kwa kuwa tulidhani anafanya utani; tukajuta mara ile ile, maana machozi yalikuwa yakimlengalenga. Ndipo alipotueleza yaliyompata.

Miaka miwili nyuma alishikwa na malaria kali. Usiku wa tatu homa ilipanda sana, na mama yake akawa anamkanda kwa kitambaa cha maji. Ghafula akajiona yuko juu, penye boriti, chini kidogo ya makuti. Akauona mwili wake kitandani, umelala chali, mdomo wazi. Akamwona na mama yake, utosi wake, na kitambaa chekundu alichojifunga kichwani. Akaona pia kwamba juu ya boriti pana chungu cheusi kimefunikwa kwa kawa. Hakuogopa hata kidogo; asema alikuwa mwepesi na mwenye raha. Kisha akajikuta ndani ya mwili tena, kichwa kikimgonga.

Alipopona alifanya jambo ambalo twamsifu kwalo: alileta ngazi akapanda kutazama. Juu ya boriti hapakuwa na chungu. Palikuwa na vumbi, na utando wa buibui, na mpini wa jembe uliovunjika. Akamwuliza mama yake, kwa njia ya mzaha, kitambaa chake chekundu kiko wapi. Mama akamjibu kwamba hajapata kuwa nacho. Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Akawaza hivi: "Kama ningalikikuta kile chungu, ningalisema roho yangu ilitoka kweli, na huenda yupo mtu aliyenichezea. Lakini chungu hakipo. Basi niliona kisichokuwapo, na mtu aonaye visivyokuwapo ni nani kama si mwenda wazimu?" Tena mjomba wake, ndugu wa mama yake tumbo moja, alipatwa na kichaa alipokuwa na umri kama ule, akafa hali amefungwa mnyororo mguuni katika kibanda nyuma ya nyumba. Mwalimu alikuwa mtoto siku zile, lakini sauti ya mnyororo ule anaikumbuka.

Mwaona, basi, kijana huyu alijiwekea njia mbili tu, uchawi au wazimu, na katika kila njia mlango wa ndoa ulikuwa umefungwa. Lakini iko njia ya tatu, nayo matabibu wameichunguza sana katika miaka hii ya karibuni. Ili kuifahamu hatuna budi kuuliza swali moja ambalo mtu haliulizi kabisa, kwa kuwa jawabu lake laonekana wazi mno: twajuaje kwamba tumo ndani ya miili yetu?

Mtu atasema, "Najua kwa kuwa nimo." Sivyo. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu la kichwa, mahali penye giza, hauoni wala haugusi kitu. Hujua habari za mwili kama kadhi ajuavyo habari za shamba ambalo hajapata kulikanyaga, yaani kwa mashahidi. Shahidi wa kwanza ni macho. Wa pili ni ngozi pamoja na misuli na viungo, vinavyoleta habari kwamba mkono umekunjwa, mgongo umeegemea ukuta, mguu umekanyaga mchanga. Ndiyo maana waweza kufumba macho ukaigusa pua yako bila kukosea. Wa tatu watu wengi hawamjui. Yumo ndani kabisa ya sikio, karibu na pale sauti zinapopokelewa: kuna mifereji midogo mitatu yenye maji, na pamoja nayo vifuko viwili, ambavyo kazi yake si kusikia bali ni kupima kama kichwa kimeinama, kimegeuka, kimepanda au kimeshuka. Mtoto azungukaye uwanjani kisha akasimama ghafula huona dunia yote yazunguka, kwa sababu maji ya mifereji ile bado yanakwenda. Na baharia ashukaye jahazini baada ya siku nyingi za safari huhisi ardhi ya bandarini yamyumbisha, ilhali ardhi haikutikisika. Ubongo wake bado wahukumu kwa desturi za baharini.

Ubongo, basi, hupokea maneno ya mashahidi hawa, huyalinganisha, hutoa hukumu: wewe uko hapa, umelala hivi, huu ni mwili wako. Hukumu hii hutolewa kila dakika, kucha kutwa, nasi hatuna habari. Walakini ni hukumu, nayo yaweza kukosewa. Mtu aliyekatwa mguu mara nyingi huhisi kidole cha mguu ule kinamwasha, hata akanyosha mkono kukikuna. Mguu haupo, lakini sura yake ingali imeandikwa ubongoni. Hatumwiti mtu huyo kichaa. Twajua kwamba ubongo wake umeshika daftari la zamani.

Sasa fikirini itakuwaje mashahidi wakigongana, au mmoja wao akinyamaza, au kadhi mwenyewe akiwa na homa. Hukumu haiahirishwi hata siku moja, ubongo hauwezi kusema, "Leo sijui niko wapi." Utatoa hukumu kwa ushahidi ulio nao, hata kama hukumu ile ni kwamba wewe uko darini na mwili wako uko chini.

Katika mwaka 2002 daktari Olaf Blanke pamoja na wenzake, katika hospitali ya mji wa Geneva huko Uswisi, walikuwa wakimtibu mwanamke mmoja wa miaka 43 mwenye kifafa. Ili wajue kifafa kile chaanzia sehemu gani ya ubongo, walikuwa wameweka nyaya ndogo sana juu ya ubongo wake, wakipitisha umeme kidogo mahali mbalimbali, na mgonjwa yu macho akisema nao. Jambo hili halina maumivu, maana ubongo wenyewe hauhisi kuguswa. Walipofika mahali fulani upande wa kuume, juu kidogo na nyuma ya sikio, mgonjwa akasema anadidimia kitandani, kisha kwamba anaanguka kutoka juu. Wakaongeza umeme kidogo. Mgonjwa akasema anajiona mwenyewe amelala kitandani, naye yuko juu kama mita 2, karibu na dari. Lakini huona miguu yake na sehemu ya chini ya kiwiliwili tu. Umeme ulipokatwa, akarudi. Uliporudishwa, akatoka tena. Hapana mganga wala jini aliyekuwamo chumbani mle. Palikuwa na umeme kidogo, na mahali pamoja penye ubongo. Na mahali pale ndipo habari za macho, za ngozi na za sikio la ndani zinapokutanishwa. Kwa mfano wetu, ni pale kadhi anapoketi.

Yafaa tuseme kwamba mwanamke yule alikuwa akitibiwa kifafa, si wazimu.

Huenda mtu akasema, "Lakini huyo alikuwa na ugonjwa wa ubongo, hii si hoja kwetu tulio wazima." Basi asikilize la mwaka 2007. Mtaalamu mmoja, Henrik Ehrsson, aliwaketisha watu wazima wa afya huko London, akaweka kamera mbili nyuma ya kila mmoja wao, na mbele ya macho yake akamfunga vioo vidogo vya picha, hata mtu akawa anauona mgongo wake mwenyewe, kama vile ameketi nyuma yake. Kisha akashika vijiti viwili. Kwa kimoja alimgusa mtu kifuani mahali asipopaona, na wakati ule ule kwa kingine alifanya kama anayegusa mahali palepale chini ya zile kamera. Macho yakashuhudia kijiti kinakuja nyuma kule, ngozi ikashuhudia mguso. Ubongo ukaunganisha ushahidi, ukahukumu kwamba mwenyewe ameketi nyuma, na mtu yule wa mbele ni mwingine. Alipoipeleka nyundo kama anayepiga pale penye kamera, ambapo hapakuwa na mtu, vyombo vilionyesha kwamba ngozi za watu wale zimetoka jasho la hofu. Walikuwa wakijua kwa akili zao zote kwamba ni mchezo. Jasho halikungoja maarifa yao.

Mambo yavurugayo ushahidi ni mengi, nasi tutataja yale yanayowapata watu wetu. Kizunguzungu cha sikio ni kimoja. Katika mwaka 2017 wataalamu wa Marseille, Ufaransa, waliwauliza wagonjwa 210 wa kizunguzungu, na watu 210 wasio nacho. Katika wagonjwa, 14 kwa kila 100 walikuwa wamepata kujiona nje ya mwili, na katika wazima 5 kwa kila 100. Angalieni hesabu hiyo ya pili kwa makini, maana yasema kwamba hata katika watu wasio na ugonjwa huo, ukiingia katika baraza ya watu 20 huenda mmoja wao amepatwa nalo, naye ameketi kimya. Kipandauso pia chaweza kulileta, na kifafa, na homa kali, na kuzimia. Kadhalika dawa iitwayo ketamini, ambayo hospitali nyingi za wilaya huitumia kumlaza mtu apasuliwapo, humfanya mgonjwa ajione ameachana na mwili wake. Twajua mwanamke mmoja ambaye baada ya kupasuliwa aliwakataza wanawe wasimpeleke tena hospitalini, akidhani kwamba huko watu hutolewa roho. Laiti angalielezwa na mtu kabla ya kulazwa.

Tena kuna usingizi, nao ndio mlango mkubwa kuliko yote. Mtu aotapo ndoto, ubongo huifunga misuli ya mwili isitende yale ayaonayo. Kama si hivyo tungaliamka tukipigana na kuta. Mara nyingine mtu huamka kabla misuli haijafunguliwa. Macho yanaona chumba, lakini mkono hauinuki, sauti haitoki, kifua ni kizito kama kimekaliwa, na vipande vya ndoto vingali vinatembea chumbani. Sisi Waswahili twaliita jinamizi, na karibu watu 8 katika kila 100 watapatwa nalo angalau mara moja maishani mwao. Wengine katika hali hiyo hukiona kivuli mlangoni. Wengine hujiona wakielea na kutoka mwilini.

Msidhani kwamba kutolijua jambo hili ni kosa dogo. Katika mwaka 1995 visiwa vya Pemba na Unguja vilishikwa na hofu ya kitu kilichoitwa Popobawa, ambacho watu walisema kinawajia usiku vitandani na kuwalemea. Watu walilala nje mbele ya nyumba zao, wakiwasha moto, hata asubuhi. Wataalamu walioyatazama mambo yale baadaye waliona kwamba yaliyosimuliwa yanafanana sana na jinamizi. Na katika hofu ile, mjini Unguja, kundi la watu lilimwua mtu mmoja aliyekuwa mgonjwa wa akili, wakidhani kwamba ndiye Popobawa. Mtu yule alikuwa amefuata matibabu.

Tumesema kwamba mwalimu wetu alipanda ngazi kutafuta chungu. Matabibu nao wamepanda ngazi. Katika hospitali 15 za Uingereza, Marekani na Austria waliweka vibao karibu na dari, vyenye picha zilizoelekezwa juu, ili mtu aliye chini asiweze kuziona. Wakangoja wagonjwa ambao mioyo yao ilisimama kisha wakafufuliwa. Habari zake zilitolewa mwaka 2014. Mioyo iliyosimama ilikuwa 2,060. Waliopona na kuweza kuulizwa ni 140. Hakuna hata mmoja aliyeeleza picha. Mtu mmoja alieleza kwa usahihi mambo yaliyotendeka alipokuwa amezimia, lakini chumba chake hakikuwa na kibao. Kwa hiyo uchunguzi ule haukuamua neno, wala sisi hatuamui. Habari za roho waulizeni mashehe na mapadre wenu, ambao ni kazi yao. Tunalosema sisi ni hili tu, kwamba mtu kujiona nje ya mwili wake hakumthibitishi kuwa amerogwa, wala kukosa chungu juu ya boriti hakumthibitishi kuwa kichaa.

Tena yuko tabibu mmoja mwenye jina kubwa katika elimu ya akili, Carl Jung wa Uswisi, ambaye mwanzoni mwa mwaka 1944 alivunjika mguu, kisha akapatwa na ugonjwa wa moyo, akawa baina ya kufa na kupona. Katika hali ile alijiona yuko juu sana, mbali na dunia, akaiona ing'aayo kwa mwanga wa buluu. Chini ya miguu yake akakiona kisiwa cha Ceylon, na mbele yake Bara Hindi, na kwa mbali jangwa la Arabuni lenye rangi ya wekundu na manjano, na Bahari ya Shamu. Nahodha yeyote wa majahazi yetu angaliitambua njia ile. Jung alikuwa na umri wa miaka 68. Aliishi miaka 17 baadaye, akaandika vitabu vyake vikubwa kadhaa, wala hakuona haya kuisimulia habari ile. Huyu ni mtu aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi kati ya wenda wazimu, akijua wazimu ulivyo.

Sasa tuje kwenye hofu yenyewe, maana hatutaki kumdanganya mtu kwa kumwambia kwamba ugonjwa hauwezi kamwe kugusa akili. Waweza. Malaria ikipanda kichwani humfanya mtu apayuke, asiwatambue nduguze, apoteze fahamu. Na baadhi ya watoto waliopona hubaki na kifafa au uzito wa kujifunza. Ndiyo sababu mgonjwa wa homa akianza kusema maneno yasiyounganika, au shingo ikikakamaa, au akidegedea, si wakati wa kuita mpiga ramli wala wa kungoja kuche. Ni saa ya kutafuta gari, au baiskeli, au machela, afike hospitali. Lakini tazameni: kupayuka kwa homa hutoka pamoja na homa. Ni ukungu uliofunika shamba, shamba halikuondoka.

Na hata ule wazimu uliokuwa ukiogopwa kuliko yote umepata kushindwa. Zamani, katika nyumba za wenda wazimu za Ulaya na Marekani, palikuwa na wagonjwa wengi walioanza kujiona kuwa wafalme na matajiri, kisha wakapooza, wakafa. Watu walisema ni laana, wengine wakasema ni damu mbovu ya ukoo. Mwaka 1913 wataalamu wawili wa New York, Noguchi na Moore, waliona vijidudu vya kaswende ndani ya bongo za wagonjwa hao waliokufa. Mwaka 1917 daktari Wagner-Jauregg wa Vienna akafanya jambo ambalo sisi tulalao ndani ya chandarua hatuwezi kulisikia bila kushangaa: aliwatia wagonjwa damu yenye malaria, ili homa iwaunguze wale vijidudu, kisha akaitibu malaria kwa kwinini. Wengine walikufa, lakini wengine walirudiwa na akili zao, naye mwaka 1927 akapewa tuzo ya Nobel. Ilipokuja penisilini katika miaka ya 1940, dawa ile ya hatari ikaachwa. Leo mtu atibiwaye kaswende mapema haufikii wazimu ule kabisa. Kilichoitwa laana kilikuwa kijidudu.

Hapa kwetu mfano wa karibu ni kifafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mwanamke mzaliwa wa Norwe, Louise Jilek-Aall, aliwakuta wagonjwa wengi wa kifafa kati ya Wapogoro huko Mahenge. Walikuwa wakitengwa: hula peke yao, hulala peke yao, kwa kuwa watu waliamini kwamba mate yao huambukiza. Na kwa kuwa mtu aangukaye karibu na mekoni hakuguswa kwa hofu hiyo, wengi walikuwa na makovu makubwa ya moto. Daktari yule akafungua kliniki, akawapa vidonge vya fenobarbitali, na watu waliokuwa wakianguka kila wiki wakakaa miezi bila kuanguka, wakarudi shambani. Uchunguzi wa miaka ya karibuni waonyesha kwamba kifafa kingi cha sehemu zile chahusiana na usubi, ugonjwa uletwao na inzi wadogo wa kando ya mito. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba watu kama milioni 50 ulimwenguni wana kifafa, na kwamba 70 katika kila 100 wangaliweza kuishi bila kuanguka kama wangalipata dawa ifaayo. Mate hayaambukizi. Mwone aliyeanguka, mwondoe penye moto, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, kaa naye mpaka azindukane.

Tunataja kifafa kwa sababu nyingine pia. Kiko kifafa kisichomwangusha mtu. Hukaa kimya kwa dakika moja au mbili, macho yamemtoka, akitafuna-tafuna au akipapasa nguo, na ndani yake huenda anasikia harufu isiyokuwapo, au anaona kwamba jambo hili limekwisha kumtokea zamani, au anajiona nje ya mwili. Kwa hiyo aliyejiona nje mara moja katika homa, au katika jinamizi, hana la kuogopa. Bali yule ambaye jambo hili humrudia mara kwa mara, hasa mchana akiwa macho, au lilimwanza baada ya kuumia kichwa, au lafuatana na kupotewa na fahamu, huyo aende hospitali akaeleze yote bila kuficha, maana huenda dawa yake ni kidonge kimoja kwa siku. Na yule asikiaye sauti za watu wasiokuwapo zikimwamuru, au aliyekaa siku nyingi bila usingizi, au awazaye kuiondoa nafsi yake, huyo naye apelekwe upesi kama apelekwavyo mwenye mguu uliovunjika. Tunazijua hospitali ambazo majina yake yamegeuzwa matusi midomoni mwa watu, hata mtu huona afadhali afe kuliko kuonekana mlangoni pake. Tusi hilo limewaua watu wengi kuliko tuwezavyo kuhesabu.

Mwalimu wetu alitusikiliza mpaka hapo, kisha akauliza la mjomba wake. Tulimwambia kweli. Aliye na mjomba mgonjwa wa akili ana hatari kidogo zaidi ya mwingine, lakini walio wengi sana katika watu wa namna hiyo hawaupati ugonjwa ule maisha yao yote. Tena tukamwonyesha jambo moja. Yeye alipoona chungu, alileta ngazi. Alipokosa chungu, aliamini macho yake ya mchana, si ya usiku wa homa. Mtu aliyeshikwa na wazimu mara nyingi hafanyi hivyo. Angaliweza kusema chungu kimeibwa na adui zake. Hatusemi kwamba hiki ni kipimo cha daktari, maana wako wagonjwa wajuao kwamba ni wagonjwa. Kwa hiyo tukamsihi aende hospitali.

Akaenda. Daktari akamwuliza maswali mengi, akampima, akamwambia kwamba yale yalikuwa ya homa, na kwamba hayakumrudia tena kwa miaka miwili ni dalili njema.

Siku aliyorudi alikwenda kwa mama yake akamweleza kila kitu, boriti, na chungu, na kitambaa chekundu. Mama hakushangaa. Alikuwa akipepeta mchele. Akaweka ungo chini. Akasema, "Mwanangu, usiku ule uliniambia. Ulinishika mkono ukaniuliza, Mama, ni nani huyu aliyelala kitandani pangu? Nami nilikumbuka kwamba kaka yangu naye alianza kwa maneno. Nikanyamaza, nikiomba Mungu usije ukakumbuka." Miaka miwili walikuwa wamekula sahani moja, kila mtu akimficha mwenzake jambo lile lile.

Harusi yake ilikuwa baada ya mavuno. Nasi tulialikwa.